Kazi iko wapi hasa? Mwongozo wa kupima mahali pa kazi kabla hujatia saini

Mwaka 2019 niliitwa kazini mara mbili ndani ya wiki moja. Kiwanda kimoja kilichoko eneo la viwanda la Namanve kilitaka mtunza stoo kwa shilingi 900,000 kwa mwezi. Duka la vifaa vya ujenzi pale Nansana, robo saa kwa miguu kutoka chumba nilichopanga, nalo lilitaka mtunza stoo, kwa 700,000. Nilichagua Namanve siku hiyohiyo. Laki mbili zaidi, nani angeziacha?

Kwa asiyeijua Kampala, mji mkuu wa Uganda: Nansana iko kaskazini-magharibi, kwenye barabara ya Hoima. Namanve iko mashariki, kwenye barabara ya Jinja, ukishapita Kireka na Bweyogerere. Katikati yao kuna jiji zima. Nilidumu miezi saba.

Tangu hapo nimefanya kazi Arua, nimefanya kazi na wakimbizi wilaya ya Yumbe, na sasa niko Jinja. Nimezaliwa kambini, baba yangu askari, na neno transfa nililijua kabla sijajua kusoma. Kila ndugu au rafiki anaponiuliza kama akubali kazi fulani, swali langu la kwanza si mshahara. Namuuliza iko wapi, naye hunijibu kwa jina la wilaya, kana kwamba hilo linatosha. Mahali pa kazi ni sehemu ya mshahara. Ukivipima mbalimbali utadanganyika, kama nilivyodanganyika mimi. Nitaeleza hapa namna ya kuvipima pamoja, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Uliza mpaka ulifahamu lango

Tangazo likiandika "Kampala", usitosheke. Wilaya ya Wakiso imeizunguka Kampala karibu pande zote, na waajiri wengi huyaita yote hayo Kampala. Yaweza kuwa Nakasero katikati ya mji. Yaweza pia kuwa Matugga upande wa kaskazini, Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe, au Namanve. Mtu anayekaa Entebbe na kuripoti Kajjansi anaishi maisha tofauti kabisa na anayekaa Entebbe na kuripoti Matugga, hata kama barua zao za ajira zinafanana neno kwa neno.

Wakikupigia simu kukuita kwenye usaili, uliza jengo, barabara na siteji ya karibu. Kwenye usaili wenyewe, ukipewa nafasi ya kuuliza, maswali yangu ni haya.

Siku ya kwanza nitaripoti wapi, na nikimaliza muda wa majaribio nitabaki hapohapo? Benki, mashirika ya mikopo midogo, shule zenye matawi mengi na kampuni za ulinzi huwa na desturi ya kumfundisha mtu makao makuu kisha kumpeleka tawini. Wapo waliohama Masaka kuja Kampala kwa gharama zao, na baada ya majuma manane wakapewa barua ya kwenda Kitgum, mbali kaskazini.

Wafanyakazi huhamishwa? Aliyehamishwa mara ya mwisho alipewa notisi ya siku ngapi, na nani alilipa lori la vyombo? Swali la lori ulilitaje hivyohivyo, kwa jina lake. Jibu la "kampuni husaidia" halina uzito. Jibu la "tulilipa lori na usiku mbili za hoteli" lina uzito.

Kazi ni ya kukaa au ya kuzunguka? Siku ngapi kwa mwezi nje, nalala wapi, na posho hulipwa kabla ya safari au baada? Wengi hukopa kwa majirani ili wakafanye kazi ya mwajiri, wakisubiri kurudishiwa.

Na je, kuna mpango wa ofisi kuhama? Kampuni nyingi zilizokuwa mjini zimehamia pembezoni kufuata nafasi na kodi nafuu. Anayesaini leo ana haki ya kujua hilo leo.

Usione haya kuuliza. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na mahali utakapofanyia kazi ni mojawapo ya mambo yanayopaswa kuandikwa humo. Kama ni zaidi ya mahali pamoja, hilo nalo liandikwe. Unauliza kitu ambacho sheria imeshasema ujibiwe.

Hatua ya pili: Isafiri njia kabla ya kukubali

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo ingeniokoa.

Kwenye usaili nilikwenda Namanve siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, jua limetulia. Nilifika kwa dakika hamsini na tano. Nikajiambia, mbona si mbali.

Jumatatu ya kwanza nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwenye siteji walisimama watu kama arobaini, na taksi iliyokuwapo ilikuwa moja. Taksi zetu hubeba abiria kumi na wanne. Konda alikuwa amefungua mlango nusu, anahesabu vichwa kwa kidole huku gari linatembea, na walioingia ni wale waliokimbia. Nilipanda ya tatu. Tulikwenda vizuri hadi Kasubi, tukasimama. Nilishuka mjini, nikatembea kwa haraka hadi Old Taxi Park nikipishana na watu wenye maboksi kichwani, nikakaa kwenye taksi ya Mukono nikisubiri ijae. Nikashuka Namanve. Pale nikaelewa kwamba "Namanve" bado si kazini: kutoka barabara kuu hadi lango la kiwanda ni boda, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nilifika saa mbili kasoro robo, viatu vyangu vizuri vimejaa tope jekundu hadi kwenye kamba. Wenzangu walikuwa wamevaa kandambili, viatu vyao wamevibeba kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Wao walikuwa wanaijua njia.

Kwa hiyo, kabla ya kusema ndiyo, ifanye safari hiyo siku ya Jumatatu, saa ileile utakayopaswa kwenda. Kisha kaa maeneo yale hadi jioni, urudi saa ileile utakayorudi. Ukiweza, rudia siku ya Ijumaa jioni au siku ya mvua. Nauli ya siku hizo mbili itakuuma, lakini ni ndogo mno ukilinganisha na utakachogundua. Mambo ya kuandika ni haya:

Unabadilisha magari mangapi? Hili nalipa uzito kuliko kilomita. Safari ya kilomita ishirini kwa gari moja huchosha kidogo kuliko ya kilomita kumi na mbili kwa magari matatu, kwa sababu kila unapobadilisha unasubiri upya na kugombania kiti upya, na nauli yenyewe unaanza kuilipa upya.

Lazima uvuke katikati ya jiji? Jibu likiwa ndiyo, fikiri sana. Anayekaa Kireka na kufanya kazi Namanve huenda kinyume na foleni: asubuhi watu wanaingia mjini, yeye anatoka. Anayekaa Nansana na kufanya kazi Namanve huingia na kutoka, na jioni tena hivyohivyo. Northern Bypass, kutoka Busega hadi Bweyogerere, inazunguka jiji, lakini inamfaa zaidi mwenye gari au pikipiki. Mimi niliyetegemea taksi za abiria nilizipata huko kwa kubahatisha.

Mvua inafanya nini? Bwaise, Kalerwe na eneo la Clock Tower hujaa maji mvua kubwa inaponyesha. Kama njia yako inapita hapo, zipo siku ambazo hutafika kwa wakati hata ukiamka na jogoo wa kwanza.

Hatua za mwisho, kutoka siteji hadi lango, zikoje? Kuna taa? Jioni boda wapo? Kwa sisi wanawake hili si jambo dogo, na mwanamume mwenye busara naye hujiuliza.

Ukifika langoni, zungumza na watu wawili: askari wa geti na mama anayeuza chakula nje. Hao ndio wanaojua mahali. Namanve askari alikuwa mzee mmoja aliyewahi kutumikia jeshi, na aliposikia Kiswahili changu akafurahi. "Mama," akaniambia, "hapa baada ya saa moja jioni boda ni wawili tu, na mmoja hafai." Aliniambia hayo nikiwa nimeshaanza kazi. Angeniambia siku ya usaili kama ningemuuliza. Mama wa chakula naye, huku anapakua katogo kutoka kwenye sufuria kubwa jeusi, alinitajia kwa majina wafanyakazi watano walioacha mwaka ule, na wanne kati yao alisema waliacha kwa ajili ya njia.

Mwenye gari naye asijione ameokoka. Barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018, imekuwa ya kulipia tangu Januari 2022, na gari dogo hulipa shilingi 5,000 kwa safari moja. Kwenda na kurudi, siku ishirini na mbili, ni 220,000, ingawa tiketi za kipindi kirefu hupunguza. Ongeza mafuta na maegesho ya mjini.

Hatua ya tatu: Fungua daftari

Mwezi wa nne wa kazi nilikaa kitandani Jumapili moja na daftari la stoo lililokwisha kurasa za mbele, nikaandika mambo yote kwa mpangilio. Hesabu zangu zilikuwa hizi.

Mshahara 900,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ilikata 172,000, na NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, asilimia 5, yaani 45,000. Mkononi zilibaki 683,000.

Nauli ya asubuhi: taksi 1,500, taksi ya pili 2,000, boda 2,000. Jumla 5,500. Jioni nauli hupanda, ikafika 6,500. Kwa siku 12,000. Tulifanya kazi siku ishirini na sita kwa mwezi: 312,000. Zikabaki 371,000. Chakula cha mchana 4,000 kwa siku, kwa mwezi 104,000. Zikabaki 267,000.

Kisha nikafanya hesabu ya kazi niliyoikataa. Mshahara 700,000. PAYE 112,000, NSSF 35,000, mkononi 553,000. Nauli hakuna. Chakula cha mchana ningekula nyumbani, ambako tayari nilikuwa nimenunua unga wa ugali na maharage ya mwezi.

553,000 dhidi ya 267,000. Kazi ya laki saba ingeniachia zaidi ya mara mbili ya kazi ya laki tisa. Nililitazama daftari lile muda mrefu.

Usisahau kwamba kodi hukatwa kwenye mshahara mkubwa zaidi, wakati nauli inatoka kwenye kile kilichobaki baada ya kodi. Ndiyo maana nyongeza ya mshahara inayoonekana nene kwenye barua huyeyuka njiani. Zile 200,000 za ziada, baada ya PAYE na NSSF, zilikuwa 130,000 tu. Nauli pekee ilikuwa 312,000.

Hesabu ya pili ni ya saa. Asubuhi saa mbili na robo, jioni saa tatu. Kwa siku ni saa tano na robo, kwa mwezi ni saa 136. Sheria yetu inaweka wiki ya kazi kuwa saa 48. Kwa hiyo nilikuwa nafanya karibu wiki tatu nyingine za kazi kila mwezi, barabarani, bila malipo. Gawanya pesa inayobaki kwa saa zote unazoziacha nyumba yako, yaani za kazini pamoja na za njiani. Namba hiyo ndiyo mshahara wako wa kweli.

Katika daftari lako ongeza pia vitu vidogo ambavyo havikumbukwi: rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) ya asubuhi kwa sababu ulitoka bila chai, yaya anayelipwa zaidi kwa kuwa unarudi usiku, boda ya dharura siku uliyochelewa, siku za sikukuu na za kufungua shule nauli zinapopanda. Mimi nilikuwa natumia karibu 40,000 kwa mwezi kwa mambo hayo, na sikuwahi kuyahesabu.

Njiani ukiumia

Naiweka hapa kwa sababu watu wengi hawaijui. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi inahesabu ajali inayokupata ukiwa unasafiri moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini kuwa ni ajali ya kazini. Lakini ni juu yako kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia sokoni au kwa shangazi, hoja yako inadhoofika. Kwa hiyo ukipata ajali, mjulishe mwajiri mapema kwa maandishi, tunza karatasi za hospitali na za polisi, na kumbuka saa. Ukichagua kazi inayokulazimisha kupanda boda mara mbili kila siku, nunua helmeti yako mwenyewe. Naisema hii kwa uchungu. Nimewazika watu.

Hatua ya nne: Kuhama au kubaki?

Mwezi wa tano nilifikiria kuhamia Bweyogerere. Kwenye karatasi ilikuwa sawa. Ila kuhama kuna mambo matatu ya kupima kwanza.

La kwanza ni pesa ya kuanzia. Wenye nyumba wengi hudai miezi mitatu mbele, hata kwa chumba kimoja, kile ambacho Kampala huitwa muzigo. Ongeza dalali, ongeza gari la vyombo. Kama bado uko katika muda wa majaribio, unalipa miezi mitatu ya nyumba kwa ajili ya kazi ambayo yaweza kuisha mwezi ujao.

La pili ni watoto. Mwaka wa shule una mihula mitatu. Ukihama katikati ya muhula umepoteza karo uliyolipa, na sare mpya unanunua. Panga kuhama likizoni, na mwambie mwajiri mpya tarehe yako ya kuanza kwa kuzingatia hilo. Wengi hukubali wiki mbili wakiombwa mapema.

La tatu ni mwenzako. Nimeona nyumba ambamo mume alihamisha familia Mukono akaribie kazi yake, na mke akabaki na duka lake Kisenyi, katikati ya Kampala. Safari ile aliyoikimbia mume aliibeba mke. Fanyeni hesabu ya wote wawili kwenye ukurasa mmoja.

Na wewe uliyenunua kiwanja Wakiso kabla ya kujua utafanya kazi wapi, usijilazimishe kukaa huko kwa sababu tu nyumba ni yako. Ipangishe, nawe ukapange karibu na kazi. Najua jamaa watasema. Waache waseme.

Hatua ya tano: Kazi ya nje ya Kampala

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu vijana wengi wanazikataa kazi hizi kwa hofu, na wengine wanazikubali kwa pupa.

Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Nilipokwenda huko kazi ilikuwa na mshahara mdogo kuliko ule wa Namanve, na bado nilianza kuweka akiba mwezi wa kwanza. Nilitembea kwenda ofisini. Nilirudi mchana kula. Soko lilikuwa karibu na nyumba ilikuwa na vyumba viwili kwa bei ya kimoja cha Nansana. Kiswahili kilinifungulia milango ambayo Kiganda kisingefungua. Pale Arua, kama ilivyo Busia au kwenye makambi ya askari, unaanza kuongea na mtu anakuvutia kiti. Ukitumwa Gulu au Mbarara hali ni nyingine, jipange kujifunza lugha ya pale angalau ya sokoni na hospitalini.

Gharama ya kweli ya kazi za mbali ni nyumba mbili. Ukiiacha familia Kampala, unalipa kodi mbili, umeme mara mbili, na nauli ya basi kila unapotaka kuwaona. Hesabu utakwenda mara ngapi kwa mwaka, zidisha, gawanya kwa kumi na mbili, uitoe kwenye mshahara. Kisha jiulize kama njia yenyewe huwa wazi. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, safari za Arua na Gulu zilizungushwa, zikawa ndefu na za gharama zaidi. Aliyekuwa na mgonjwa Kampala wakati ule hatasahau.

Yumbe ilikuwa jambo jingine tena. Kambi ya Bidibidi iliyoko huko ilifunguliwa 2016, watu walipoikimbia vita ya Sudan Kusini, nayo ina wakimbizi wapatao laki mbili. Kazi huko inafundisha kwa mwaka mmoja kile ambacho ofisi ya mjini haifundishi kwa mitano. Lakini vumbi ni vumbi, na hospitali kubwa yaweza kuwa mbali. Kama una ujauzito au ugonjwa wa kudumu unaohitaji kliniki, anza na swali hilo kabla ya swali la pesa.

Haki zako katika kazi za mbali ni mbili, zijue. Ukiajiriwa mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwako, Sheria ya Ajira inakupa haki ya kurudishwa ulikoajiriwa kwa gharama ya mwajiri mkataba unapofikia mwisho wake, au unapovunjika kwa ugonjwa au ajali. Wengi hurudi kwa nauli yao kwa sababu hawakuuliza. Na kwa watumishi wa serikali, ipo posho ya maeneo magumu kufikika, asilimia 30 ya mshahara wa msingi, iliyowekwa kwa sera ya 2010 kwa wilaya zilizoorodheshwa, zikiwemo za Karamoja na visiwa vya Kalangala. Uliza kama kituo chako hasa kimo kwenye orodha, maana wilaya moja yaweza kuwa na vituo vinavyopata na visivyopata.

Umbali unapostahili kuvumiliwa

Sitaki mtu asome hapa aondoke akidhani kazi ya karibu ndiyo nzuri daima. Duka lile la Nansana lilikuwa na stoo moja na bosi mmoja. Kiwandani nilijifunza kutumia programu ya kompyuta ya kuhesabu mali, nikakutana na msimamizi aliyenifundisha ukaguzi, na ujuzi huo ndio ulionipatia kazi ya Arua. Miezi ile saba ilinitesa, ila haikupotea.

Nionavyo mimi, umbali unavumilika kama unajifunza ufundi usioweza kuupata karibu, kama huna mtoto mdogo, na kama umejiwekea tarehe. Andika mwezi na mwaka utakaoacha au utakaohama. Bila tarehe, mtu huizoea njia kama anavyozoea jiwe kwenye kiatu, na anapokuja kushtuka miaka sita imepita.

Kazi ya kufanyia nyumbani nayo ina eneo lake. Umeme ukikatika mtaani kwenu mara tatu kwa wiki, ofisi yako imekatika. Pima mtandao nyumbani mchana na usiku kabla ya kuahidi, na uombe mwajiri alipe vifurushi vya data.

Hatua ya sita: Omba, na iandikwe

Ukishakuwa na daftari lako, una cha kuzungumza. Usiseme "ni mbali". Sema: "Nimeisafiri njia Jumatatu na Ijumaa. Ni magari matatu, 12,000 kwa siku. Naomba mnisaidie katika moja ya haya." Mwajiri anayekuhitaji husikiliza mtu mwenye namba.

Gari la wafanyakazi ndilo la kuomba kwanza, hata kama linakuchukua njiani tu. Posho ya usafiri inayoingia kwenye karatasi ya mshahara hukatwa kodi pamoja na mshahara. Kiti kwenye gari hakiingii kwenye karatasi hiyo. La pili ni saa: kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni kunaweza kukuokolea saa nzima ya foleni kila upande, na mwajiri hagharamii kitu. La tatu, kwa kazi za mbali, ni gharama za kuhama na nyumba ya mwezi wa kwanza. La nne ni kifungu cha uhamisho. Kama barua inasema unaweza kupelekwa kituo chochote nchini, omba iongezwe notisi ya siku thelathini na gharama za kuhamisha vyombo.

Kilichosemwa kwa mdomo kiandikwe kwenye barua ya ajira, au angalau kwenye barua pepe unayoituma wewe: "Kama tulivyozungumza leo, kituo changu kitakuwa hapa, na usafiri utakuwa hivi." Mwajiri akikaa kimya bila kupinga, umebaki na ushahidi. Msimamizi aliyeniahidi gari la wafanyakazi pale Namanve alihamishwa mwezi wa pili, na aliyekuja baada yake aliniambia hajui lolote. Nilikuwa sina hata mstari mmoja wa maandishi.

Hatua ya saba: Miezi ya kwanza

Umekubali, umeanza. Kwa wiki nne za kwanza andika kila siku saa uliyotoka, saa uliyofika, na kila shilingi ya njia. Mwisho wa mwezi linganisha na makadirio yako. Yakipishana kidogo, sawa. Yakipishana kwa robo au zaidi, rudi kwa mwajiri mapema, ungali unaonekana mpya na wana hamu ya kukubakiza.

Usilipe miezi mitatu ya nyumba mpya, usihamishe watoto shule, wala usichukue mkopo wa pikipiki kabla muda wa majaribio haujaisha. Kwa kawaida muda huo hauzidi miezi sita, na ndani yake wewe pia unaweza kuondoka kwa notisi ya siku kumi na nne. Namba ya simu ya yule mwajiri mwingine uliyemkataa, usiifute. Mimi niliifuta, na nilipokwenda tena kwa miguu pale dukani Nansana mwezi wa nane, stoo ilikuwa imeshapata mtu.